Kujitolea kwa Nani?

Kiswahili kina vitenzi vingi vilivyojengwa kama kujitolea. Anayejipikia anapika kwa ajili ya nafsi yake. Anayejinunulia, anayejijengea na anayejilimia, faida ya kazi yao inawarudia wenyewe. Kwa kanuni hiyo hiyo, anayejitolea angepaswa kuwa mtu anayetoa kwa ajili yake mwenyewe. Matumizi yameikataa maana hiyo: tunapomsifu mtu kwamba amejitolea, tunakusudia kuwa ametoa bila kutazamia kurudishiwa. Hata hivyo, umbo la neno limebaki na shaka yake, nami naona shaka hiyo ina haki ya kusikilizwa, hasa tunapowazungumzia watu wanaosafiri kwenda misitu ya mbali kuwahesabu wanyama walio katika hatari ya kutoweka.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Earthwatch, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1971, imewapeleka watu wa kawaida katika kambi za watafiti duniani kote, wao wakichangia gharama za utafiti na mikono yao pamoja. Frontier, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1989, iliwaleta vijana katika misitu ya Usambara Mashariki na ile ya pwani ya Tanzania, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakapima miti, wakatega mitego ya panya na vyura, wakaandika. Kusema kwamba kazi hiyo haikufaa kitu ni dhulma. Kuna misitu midogo ambayo pengine isingepata hata orodha ya viumbe wake lau si vijana hao na madaftari yao yaliyolowa mvua.

Hapa Qantab hatuna msitu. Ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya majabali na bahari, si mbali na Maskati, na kivuli chetu ni cha mwamba. Ndipo mpwa wangu, aliyezaliwa hapa, aliposema kwamba anataka kwenda Unguja kujitolea kwa wiki sita katika utafiti wa kima punju, na kwamba nafasi hiyo ina ada, mazungumzo ya nyumbani yakachukua sura nyingine. Bibi yake, aliyeondoka Unguja akiwa msichana mwaka 1964, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza: “Ulipe ili ufanye kazi, mwanangu? Na aliyekuwa akiifanya kazi hiyo, yeye amekwenda wapi?”

Nusu ya kwanza ya swali hilo ina jibu jepesi. Mwanafunzi hulipa karo naye hufanya kazi usiku kucha. Aliyepata kitu katika kutoa kwake hajawa mnafiki kwa sababu hiyo tu. Mpwa wangu atapata cheti, atapata la kuandika katika maombi ya chuo kikuu, atapata hadithi ya kusimulia. Sioni kwamba faida hiyo inaiharibu nia yake. Wazee wetu walituonya juu ya riya, lakini hawakusema kwamba mtoaji lazima atoke na hasara.

Nusu ya pili ndiyo nzito. Kazi ya kuwafuata wanyama msituni ni kazi ya ujuzi, na mara nyingi wenye ujuzi huo walikuwapo kabla ya kambi kujengwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kipunji. Mwaka 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society, walipokuwa wakizungumza na wawindaji wa Kinyakyusa karibu na Mlima Rungwe, walisikia habari za kima mwenye haya aitwaye kwa jina hilo. Mwaka uliofuata kima huyo huyo akaonekana katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, mbali na Rungwe. Mwaka 2005 jarida la Science likatangaza kwamba kuna spishi mpya ya kima Afrika. Mpya kwa nani? Jina lake la kisayansi lenyewe lilibeba neno la wawindaji. Kwa haki ya Mungu nitaongeza kwamba miongoni mwa walioandika tangazo hilo walikuwamo Watanzania, Noah Mpunga na Sophy Machaga, jambo ambalo katika vizazi vilivyotangulia lisingetarajiwa. Lakini wale waliosema “yupo” kabla ya mtu yeyote kumpiga picha hawana jina katika ukurasa ule. Wao hawakujitolea, walizungumza tu na wageni, kama watu waungwana wanavyofanya.

Hapo ndipo naiona kasoro ya kimaadili. Kumwona volontia analipa na mwenyeji analipwa hakunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba kitendo kimoja, kutembea msituni na kutoa habari, kikitendwa na mmoja huitwa sadaka, na kikitendwa na mwingine huwa hakina jina. Na pale volontia anapoifanya kwa fedha zake kazi ambayo kijana wa kijiji angeifanya kwa ujira, sadaka hiyo imemgharimu mtu asiyeulizwa.

Tuje Jozani kwenyewe. Kima punju hapatikani popote duniani ila Zanzibar. Jina lake linanuka sumu, kwa kuwa punju ni sumu, na wakulima waliamini kwamba mti anaoula hufa. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004, lakini kima hawasomi ramani. Wanatoka na kuingia mashambani. Utafiti wa Kirstin Siex na Thomas Struhsaker, uliochapishwa mwaka 1999, ulihesabu nazi na kukuta kwamba minazi ambayo kima walikula vidaka vyake haikupungukiwa mavuno. Pengine ilinufaika, kama mti uliopogolewa. Hapa mgeni mwenye daftari aliona jambo ambalo mwenye shamba, kwa uchungu wake, hakuweza kuliona, na mtu anayedai kwamba ujuzi wa wenyeji unatosha peke yake hana budi ajibu hoja hiyo. Lakini mkulima hali nazi tu. Ana mazao mengine, na hasara yake humo haifutwi na habari njema za minazi.

Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilihesabu kima punju zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya idadi iliyodhaniwa. Idadi hiyo ilipatikana kwa miguu ya watu, na sitamcheka yeyote aliyetia hatua zake humo.

Bwindi, Uganda, kuna kisa kinachonikera kila nikikikumbuka, kwa sababu kinamnyima kila mtu nafasi ya kujiona msafi. Mwaka 1996 sokwe wa milimani waliopatwa na upele walitibiwa na daktari wa mifugo Gladys Kalema-Zikusoka. Mtoto mmoja wa sokwe akafa. Ugonjwa ulifuatiliwa ukaonekana umetoka kwa watu, tena si kwa watalii, bali kwa wanavijiji waliozunguka hifadhi, maskini wasio na huduma ya afya. Daktari huyo alipoanzisha shirika lake mwaka 2003, alilijenga juu ya fikra kwamba kumtibu jirani wa sokwe ni kumtibu sokwe. Kijana anayekwenda Bwindi kwa mapenzi ya sokwe huenda angewafaa zaidi kwa kubeba dawa za upele hadi kijijini, ambako hakuna wa kumpiga picha.

Na tusiwafanye wenyeji malaika. Oman tunalo funzo letu. Choroa wa Arabuni wa mwisho porini aliuawa mwaka 1972. Mwaka 1982 choroa waliozalishwa utumwani waliachiwa tena Jiddat al-Harasis, na walinzi wao walikuwa Waharasis, watu wa jangwa hilo hilo, walioajiriwa kwa heshima yao. Kufikia 1996 walikuwa wapatao 450. Kisha wakaja majangili waliowakamata wakiwa hai ili kuwauza, na walinzi wakashindwa. Mwaka 2007 walibaki 65, eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90, na UNESCO ikaliondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia, mahali pa kwanza kabisa kufutwa. Walinzi walikuwapo, mapenzi yalikuwapo, ujuzi ulikuwapo. Soko lilikuwa na nguvu zaidi, na hakuna idadi ya volontia ambayo ingelizuia.

Kwa hiyo nilipoulizwa rai yangu sikumkataza mpwa wangu. Yeye ana kitu ambacho wengi wa wenzake kambini hawatakuwa nacho: anaisikia lugha. Mkulima akilalamika kandokando ya njia, hatahitaji mkalimani wa kuyalainisha malalamiko yake. Nilimwonya juu ya neno moja tu, neno kwetu. Bibi yake analo haki kulitamka, kwa machozi yake. Yeye anakwenda na pasipoti ya Oman na riali za Oman, na mtu wa Pete atamwona mgeni, naye atakuwa ameona sawa.

Nikamtaka pia awaandikie wenye programu awaulize mambo mawili: katika ada yake, ni shilingi ngapi zinazofika mkononi mwa msaidizi wa kijijini atakayetembea mbele yake, na je, jina la msaidizi huyo litaandikwa katika ripoti? Aliona haya kuuliza. Alidhani ni utovu wa adabu kumhesabia fedha mtu anayekukaribisha. Bibi yake alimwambia kwamba mgeni anayelipa ana haki ya kuuliza bei, na kwamba asipojibiwa kwa tarakimu, abaki hapa Qantab.