Rangi Si Maradhi



Ndugu zangu katika imani, na nyinyi mama zetu mlio upande wa pili wa pazia, leo nazungumzia ngozi. Asije mtu akasema haya ni mambo ya saluni. Mwili ni amana, na amana hii inaharibiwa ndani ya nyumba zetu.

Imamu Muslim amepokea habari za Uwais al-Qarani, mtu wa Yemen. Alikuwa na mbalanga, ule weupe unaotoka ngozini mabaka mabaka. Mwenyezi Mungu akamponya, likabaki doa moja kiasi cha dirhamu. Huyo ndiye ambaye Umar bin Khattab, naye khalifa wa Waislamu, alikuwa akimuulizia kila walipokuja watu wa Yemen, na alipompata akamwomba amtakie maghufira. Mtume (s.a.w.) alikuwa amemtaja kwa wema wake kwa mama yake. Sasa tujiulize kwa haki: kijana mwenye mbalanga akija kuposa kwetu, tunamjibu nini? Maradhi hayo hayaambukizi, wala si alama ya kulogwa. Kinga ya mwili hugeuka ikashambulia chembe zinazotengeneza rangi. Daktari wa ngozi ana dawa za kupaka na tiba ya mwanga, na wengi hupata nafuu, ingawa huchukua miezi.

Kujitibu hakuna ubaya. Sahaba Arfaja alikatwa pua katika vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu, Mtume akamwamuru aweke ya dhahabu. Basi mama aliyetokwa na mabaka meusi mashavuni wakati wa ujauzito asione haya kutafuta dawa. Mabaka yale huletwa na homoni, na jua huyazidisha. Ushungi mpana na mafuta ya kukinga jua ndiyo mwanzo wa tiba, kisha daktari aamue la kuongeza. Na mwenye baka lililopauka, akiligusa hasikii kitu, asikawie hata wiki: huenda ni ukoma, na ukoma unapona, dawa zake hutolewa bure.

Lakini weusi aliokuumba nao Mola wako, huo unautibu kwa ugonjwa gani? Qurani imehesabu tofauti za rangi zetu katika ishara za Mola. Rangi hiyo ni ngao ya jua; waulizeni ndugu zetu wenye ualbino wanavyoungua, na wangapi saratani ya ngozi imewachukua mapema. Ngao hiyo ndiyo tunayoichubua kwa mkorogo.

Ndani ya mkorogo mna nini? Mara nyingi ni zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Zebaki hupenya hadi kwenye figo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni haponi nayo. Ndiyo maana mataifa yalikutana yakaandika Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na vipodozi vyenye zebaki vimo ndani yake. Haidrokwinoni ni dawa mkononi mwa daktari, kwa muda maalumu. Ukijipaka miaka, uso ulioutaka mweupe hugeuka rangi ya majivu ya bluu, na kuurudisha ni kazi ngumu mno. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachanika mistari, na ukishonwa kidonda hakishiki vizuri.

Nasema kwa uchungu: dhambi hii ya kujichubua si ya wanawake peke yao. Nani aliyewafundisha kwamba mke mzuri ni mweupe? Ni sisi, tunaosifu bibi harusi kwa weupe wake mbele ya binti zetu wenyewe. Liwa, manjano na singo za bibi zetu zilikuwa za kung'arisha na kunukisha mwili, hazikuwa za kumbadilisha mtu.

Dada uliyekwisha kuanza, usikate tamaa na rehema ya Mola wako. Ila kama unapaka krimu yenye steroidi, usiiache ghafla kwa hofu, maana uso unaweza kuvimba, kuwaka na kutoka chunusi kuliko mwanzo. Nenda na kopo lenyewe hospitali, mwoneshe daktari, akupunguzie taratibu. Nanyi waume, toeni nauli na pesa za dawa, mwasindikize, na msiwakaripie njiani.