Mwalimu Asiyewaacha Wanafunzi Wake



Mzazi wa Lufingo, katika nchi ya Rungwe, apelekapo ndizi na viazi sokoni, mara nyingi huwaza moyoni gharama za mtoto shuleni. Ni jasho jema. Lakini na tujiulize: elimu hiyo twaitaka ya nini? Je, mtoto apate kuwatumikia wenzake, ama apate kuwakimbia?

Yafaa tumtazame jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Padre Christophe Munzihirwa. Alizaliwa mwaka 1926 katika nchi ya Bushi, karibu na Bukavu, Kongo. Alipewa upadre mwaka 1958, na mwaka 1963 akaingia Shirika la Wayesuiti, lililoanzishwa na Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Ndilo shirika lenye shule ya Loyola huko Mabibo, Dar es Salaam. Padre huyu alisomea mambo ya jamii na uchumi Ubelgiji, kisha akarudi kwao kuwalea vijana.

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliwatia jeshini kwa nguvu wanafunzi wa chuo kikuu cha Kinshasa, kwa sababu waliipinga. Padre Munzihirwa hakulazimishwa kwenda. Lakini aliomba mwenyewe aandikwe askari pamoja nao, wasije wakateseka peke yao.

Mwaka 1980 akawa Mkuu wa Wayesuiti wa Afrika ya Kati, baadaye Askofu wa Kasongo, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu. Wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Bukavu mwaka 1994, aliwatetea waziwazi, wala hakuogopa wakubwa. Vita ilipoukaribia mji mwaka 1996, wengi walikimbia. Yeye akabaki na kundi lake. Tarehe 29 Oktoba askari wakamwua mjini humo.

Bwana wetu alitufundisha kumtambua mchungaji mwema siku ajapo mbwa mwitu. Basi, ushujaa wa 1996 haukuzaliwa siku ile. Ulikuwa umekwisha jengwa tangu 1971, kati ya vijana wale.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo likizo, msimwulize alama zake tu. Mwulizeni pia: ni mwenzako yupi aliyekuwa taabuni, nawe ukasimama naye? Jibu lake ndilo litakaloonyesha kama jasho lenu limezaa matunda.