Sema Panapounguza

Katika hospitali chache za Uholanzi na Ujerumani, mgonjwa mwenye saratani ya nyonga hulazwa katikati ya duara la antena, mara nyingi 8. Kati yake na antena hizo kuna mfuko wa maji, unaopitisha mawimbi na kuipoza ngozi. Mawimbi yenyewe ni ya redio, masafa yake yakikaribiana na ya stesheni za FM. Kila antena hupangiwa nguvu yake na wakati wake, ili mawimbi yote yakutane ndani ya uvimbe kwa pamoja, kama wavuvi wanaovuta juya kwa mkupuo mmoja. Uvimbe hupashwa hadi nyuzi 41 au 42 hivi, kwa muda wa saa moja.

Joto hilo halitumwi kuua saratani peke yake; huambatana na tiba ya mionzi. Seli iliyopigwa mionzi hujaribu kujikarabati, na joto huuvuruga ukarabati huo. Kati ya mwaka 1990 na 1996, Waholanzi waliwafuatilia wagonjwa 358 wa saratani za kibofu, puru na mlango wa kizazi. Miongoni mwa wenye saratani ya mlango wa kizazi, baada ya miaka 3 waliokuwa hai ni asilimia 27 ya waliopata mionzi tu, na asilimia 51 ya walioongezewa joto.

Lakini mafuta, misuli na mifupa hupokea mawimbi kila kimoja kwa namna yake, na mahali pasipotarajiwa panaweza kupata joto kupita kiasi. Vipimajoto vyembamba huingizwa kwenye kibofu, ukeni au kwenye puru, ila haviwezi kufika kila pembe ya mwili. Kwa hiyo mgonjwa huambiwa mapema: ukihisi kuungua, kubanwa au maumivu, sema papo hapo. Akisema, nguvu hupunguzwa au mawimbi huelekezwa upya, na tiba inaendelea.

Hapo ndipo fikra zangu hutua. Sisi tumelelewa kuusifu uvumilivu. Mama anaumwa, jasho linamtoka, akijuliwa hali anasema hajambo, na wanawe wanajivunia kwamba mama yao halalamiki. Maradhi yakiwa ya sehemu za siri, ukimya huzidi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road ikiwa imeshakomaa. Siwalaumu hata kidogo. Ustaarabu huo wa kunyamaza tuliwafunza sisi wenyewe, tukauita heshima.

Ndani ya duara lile, anayenyamaza anaweza kuungua kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi huku ngozi ikiwa salama, na daktari asijue. Mtaalamu aliyesoma miaka mingi, mwenye kompyuta na vipimo mbele yake, bado anahitaji kuambiwa na aliyelala: hapa, upande wa kushoto, panauma. Naiona heshima kubwa katika kuhitajiana huko. Lalamiko linapokelewa kama kipimo, na hakuna anayemwambia mgonjwa ajikaze.

Natamani mama zetu waulizwe wapi panauma mapema zaidi, kwenye zahanati ya kijijini, siku damu isiyo ya kawaida inapoonekana mara ya kwanza, na aulizaye awe amefunga mlango na kukaa chini kumsikiliza.