Funika Kombe, au Funua Kitabu?

Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili wafanya biashara hulikumbuka sana, lakini si mali peke yake ipoteayo hivyo. Watu nao hupotea. Mtu huzaliwa, hulima, huoa, hulea, hufa. Na baada ya vizazi vichache hakuna ajuaye hata jina lake, isipokuwa limetunzwa vinywani mwa wazao wake, ama limeandikwa mahali.

Huko Uingereza, watu wengi siku hizi huwatafuta babu zao katika vitabu vya kale. Kazi hiyo ni njema, maana mwacha asili ni mtumwa. Walakini huzaa swali gumu, nalo ndilo ninalotaka tulifikiri pamoja, msomaji mpenzi: Je, walio hai wana haki ya kufunua yale ambayo wafu waliyaficha?

Kwanza tuvijue vitabu vyenyewe. Mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila padre awe na kitabu, na kila juma aandike humo ubatizo, ndoa na maziko yaliyofanyika katika mtaa wake wa kanisa. Kitabu kiwekwe ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa padre, na mwingine kwa wazee wa kanisa, ili asiwepo mtu wa kukifungua peke yake. Watu wengi walinung'unika, wakidhani kuwa ni hila ya kutoza kodi mpya. Nao hawakuwa wajinga kabisa, kwa maana tangu 1783 hata 1794 serikali ilitoza kweli peni tatu kwa kila jambo lililoandikwa, ila mafukara walisamehewa.

Mwaka 1598 ikaamriwa vile vitabu vya karatasi vinakiliwe katika ngozi, na nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642, vitabu vingi vikaachwa wazi miaka mingi. Baadaye serikali nayo ikaanza kuandika: tangu tarehe 1 Julai 1837 kuzaliwa, kuoana na kufa kwa watu wa Uingereza na Wales kukaandikishwa kwa maofisa wake. Tena ilikuwapo hesabu ya watu, iliyofanywa kwa kawaida kila miaka kumi tangu 1801. Na tangu ile ya 1841 yaliandikwa majina ya watu wa nyumba zote.

Mtafutaji huanza na nafsi yake, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu afuataye nyayo. Cheti cha kuzaliwa humwonyesha jina la baba, na jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Kwa hayo hutafuta cheti cha ndoa yao, nacho humpa majina ya baba wa bwana arusi na baba wa bibi arusi, pamoja na kazi zao. Hesabu ya watu ya 1851 humwambia kila mmoja wa nyumba ile alizaliwa mtaa gani. Ndipo huenda katika kitabu cha mtaa ule, akatafuta ubatizo.

Njiani mna mitego. Katika hesabu ya 1841 umri wa watu wazima uliandikwa kwa kupunguzwa hata tano iliyo karibu, hivi kwamba mtu wa miaka thelathini na nne aliandikwa thelathini. Tena kabla ya 1752 Waingereza waliuanza mwaka tarehe 25 Machi. Kwa hiyo katika vitabu vyao Januari ya 1720 ilikuja baada ya Desemba ya 1720. Asiyelijua hili ataona mtoto amebatizwa kabla wazazi hawajaoana, naye atamsingizia mama wa watu bure.

Uzuri wa vitabu hivi ni kwamba viliandika wakubwa na wadogo. Wafalme na mabwana hawakuhitaji kitabu cha mtaa ili wakumbukwe; lakini mchunga kondoo na mfua nguo hawana ukumbusho mwingine. Katika mtaa wa St Botolph, Aldgate, mjini London, karani wa kanisa aliandika mwaka 1597 ubatizo wa Mary Fillis, msichana Mwafrika wa miaka kama ishirini, aliyekaa kwa mwanamke mshona nguo. Karani hakuandika jina lake tu, bali na jina la baba yake, na kwamba kazi ya baba yule ilikuwa kusuka vikapu na kutengeneza sepetu. Miaka zaidi ya mia nne imepita. Mabwana wengi wa London wa siku zile wamesahauliwa, lakini msusi wa vikapu ajulikana hata leo, kwa sababu karani mmoja alikuwa na subira ya kuuliza, na mkono wa kuandika.

Lakini mkono ule ule uliweza kujeruhi. Mtoto aliyezaliwa na mama asiye na mume, mapadre wengine walimwandika kuwa mwana wa haramu, wengine kwa Kilatini kuwa mwana wa watu, yaani baba yake hajulikani. Siku zile mtaa ndio uliowalisha mafukara wake, na wazee wa mtaa waliogopa gharama. Kwa hiyo msichana mwenye mimba alihojiwa amtaje baba, na pengine mkunga alimhoji katikati ya uchungu. Hesabu ya watu nayo ilikuwa na safu ya kuandika aliye kipofu na aliye bubu. Na mwaka 1871 ikaongezwa nafasi ya mwenye wazimu na ya punguani. Mtu aliishi miaka sabini, akapenda, akafanya kazi, akasali. Na lililobaki kwake ni neno moja la dharau lililoandikwa na mtu mwingine.

Sasa tufikiri mfano. Tuseme binti wa miaka kumi na minane alizaa bila mume mwaka 1920, na katika cheti cha mtoto nafasi ya baba ikaachwa tupu. Mwaka 1921 ikaja hesabu ya watu, na mama wa yule binti akamwandikisha mtoto kuwa mwanawe mwenyewe. Mtoto akakua akimwita bibi yake mama, na mama yake akamwita dada. Akafa mzee pasipo kujua. Kwa sheria, majina ya hesabu ile yalifungwa miaka mia, yakafunguliwa mwaka 2022. Leo mjukuu anaweka cheti na hesabu pamoja mbele ya macho yake, anaona kwamba havipatani, na siri ya wanawake wawili imo mikononi mwake. Afanye nini?

Wako watakaosema, Funika kombe mwanaharamu apite. Bibi yule alisema uongo kwa huruma, amfunike binti yake na mtoto asiye na kosa. Sisi ni nani hata tuivunje kazi aliyoilinda maisha yake yote? Hata serikali iliona huruma ya namna hiyo. Zilikuwako nyumba za maskini, ambamo mafukara walilishwa na kufanyishwa kazi, na mtoto aliyezaliwa humo alibeba aibu ya nyumba ile katika cheti chake. Mwaka 1904 wakuu wakaagiza waandikishaji wasiitaje nyumba hiyo tena, bali waandike jina la njia na namba ya mlango tu. Na mwaka 1947 ikaruhusiwa cheti kifupi, kisichotaja wazazi hata kidogo.

Wengine watajibu kwamba siri hiyo hufunika mtu mwingine pia. Yule mtoto alikuwa na haki ya kumjua mama yake, na mama alikuwa na haki ya kuitwa mama. Waingereza wameliona na hili. Sheria ya kuwapa watoto wazazi wapya ilipoanza kutumika mwaka 1927, mtoto hakuweza kwa urahisi kuijua asili yake. Lakini sheria ya mwaka 1975 iliwapa watoto wa namna hiyo, wakiisha kuwa watu wazima, haki ya kupata cheti chao cha kwanza. Ni kana kwamba taifa lilikiri: tulifunika kwa upendo, lakini tulichokifunika hakikuwa chetu.

Mimi naona habari ya Nuhu yatusaidia hapa. Alipolewa akalala uchi hemani mwake, mwana mmoja aliona akatoka kuwatangazia ndugu zake. Nao wale wawili waliingia kinyumenyume na nguo, wakamsitiri bila kumtazama. Twawasifu hao wawili, na ni haki. Lakini angalieni: Kitabu kinachotusimulia jinsi alivyositiriwa, ndicho kilichoandika kwamba alilewa. Hakikusema kwamba alikuwa mgonjwa. Basi kusitiri si kuibadili habari, na kuandika kweli si kuvua mtu nguo. Vyaweza kukaa pamoja. Hata orodha ya mababu mwanzoni mwa Injili ya Mathayo haikuwaacha Tamari na Rahabu, wala mke wa Uria.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtafutaji asiogope kufunua kitabu, wala asibadili kilichomo ili ukoo wake uonekane safi. Anayempachika mama mwingine mahali pa mama wa kweli amemzika yule mwanamke mara ya pili. Lakini ajue ya kuwa siri ina wenyewe. Katika mfano wetu, watoto wa yule mtoto wa mwaka 1920 huenda wako hai; habari ile ni yao kwanza, nao waambiwe faraghani, kwa upole, kama watataka kuijua. Siku hizi vitabu vingi vimepigwa picha na kusomwa kwa mtandao, na mtu anaweza kukitangaza alichokiona asubuhi kabla jua halijatua. Wepesi huo ndio unaotutia hatarini. Sanduku la kale lilikuwa na kufuli mbili, leo limebaki na kufuli moja tu, nayo ni moyo wa msomaji.

Na neno la mwisho ni kwa waandikao. Yule padre aliyeandika mwana wa haramu alidhani anaandika aibu ya mtoto. Wasomaji wa leo wakifungua ukurasa ule hawamwonei haya mtoto. Wanamwonea haya padre. Basi kila ashikaye kalamu, awe karani wa kanisa, mwalimu au mwandishi wa serikali, aandike kweli, aandike jina zima, aulize na jina la baba na kazi ya mikono yake; na afikiri kwamba atakayesoma ni mjukuu wa huyo aliyesimama mbele yake.