Mshale Uliolala kwenye C

Somo: Ezekieli 36:26, 1 Timotheo 4:1-2

Wale mliokuwa ibada ya pili mnakumbuka nilianza na kisa cha gari, na kuna mzee alicheka kabla sijafika mbali kwa sababu gari lenyewe analijua. Ni ile Land Rover ya marehemu baba yangu, Series III, ya petroli, lita 2.25, iliyokunywa mafuta hadi nikaiogopa. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nikapiga hesabu: petroli ya mwaka mzima kwa upande mmoja, injini ya dizeli ya Kijapani kutoka Kirinyaga Road kwa upande mwingine. Hesabu ikakubali. Fundi akafunga injini hiyo kwenye giaboksi ile ile ya zamani, nambari mpya ikaingia kwenye logibuku, tukaingia barabarani. Gari likavuta vizuri ajabu!

Sasa nisikilize hapa.

Kwenye dashibodi kila kitu kilionekana kiko hai. Mshale wa spidi ulicheza, kwa sababu kebo yake inatoka nyuma upande wa giaboksi, na giaboksi hatukuigusa. Mshale wa mafuta ulicheza, kwa sababu kipimo chake kiko ndani ya tangi, hakijui hata kama injini imebadilishwa. Taa ya oili haikusumbua, ile ni swichi tu. Lakini mshale wa temperecha ulilala kwenye C. Sensa yake ilikuwa imeondoka na injini ya zamani, na fundi aliacha waya ukining'inia. Na geji ya aina ile, waya ukikatika, haipigi kelele. Umeme usipopita, mshale unarudi kwenye baridi na kulala. Mimi nikatafsiri kwamba injini ya Mjapani haipati joto, hata nikajisifu mbele ya watu.

Jumamosi moja tukitoka kwenye mkutano wa injili Mai Mahiu, nikiwa na akina mama sita nyuma, tulipanda ule ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru. Tulikuwa tumepita kale kanisa kadogo kalikojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942. Mara gari likakosa nguvu, boneti ikaanza kutoa mvuke. Nikaangalia mshale. Uko pale pale, C. Silinda hedi ilikuwa imepinda, gasketi imeungua, na pesa zilizoitengeneza zilikuwa karo ya muhula wa pili. Mke wangu hakusema neno. Heri angesema.

Ndugu zangu, kupitia Ezekieli Mungu aliahidi kuutoa moyo wa jiwe na kutuwekea mwingine. Hapo ni kubadilishiwa injini, na nani kati yetu hakushangilia siku hiyo? Lakini Paulo anamwonya Timotheo juu ya watu ambao dhamiri yao imekuwa kama ngozi iliyochomwa kwa chuma cha moto, haisikii tena. Nilikuwa nikidhani anasema juu ya watu wabaya sana, wale wa mbali. Lakini mwaka ule gari lilipoharibika, mshale wangu wa spidi ulikuwa unacheza: ibada tatu kwa wiki, vijana, mazishi, harusi. Mshale wa mafuta ulicheza: fungu la kumi, kufunga, maombi ya saa kumi alfajiri. Na nyumbani watoto wangu walikuwa wakisikia geti linafunguliwa, wanazima runinga na kuingia chumbani. Sikuwa nawapiga. Nilikuwa nawaka tu, kila siku, kwa mambo madogo, na ndani yangu hakuna kilichonishtaki. Nikaita kile kimya amani ya Kristo. Kilikuwa waya uliokatika.

Mwambie jirani yako: kimya si lazima kiwe amani.

Nilipopeleka gari kwa fundi wa pili, niliuliza kwa nini tusiunganishe waya kwenye sensa ya hiyo injini ya Kijapani, si ipo? Akasema mshale utaamka, lakini utadanganya. Sensa hupitisha umeme zaidi kadiri maji yanavyopata joto, lakini kila moja ina kiwango chake, na geji ya Land Rover ilitengenezwa isome ya kwake. Kwa hivyo tukatafuta sensa ya Land Rover. Nyuzi zake hazikulingana na tundu la injini mpya, kijana wa lathe akachonga kipande cha shaba cha kuziunganisha. Fundi akasisitiza kipande kisiwe kirefu mno, kwa sababu ncha ya sensa lazima ifikie maji. Hapo nilifikiria ile "uko sawa, Pasta?" ya mlangoni baada ya ibada. Haifikii maji, na sisi sote tunapenda isifike.

Tukafunga, tukawasha. Mshale ukalala! Fundi akafungua tena na kuona amezungushia nyuzi tepu nyeupe, ile ya mafundi wa bomba, ili maji yasivuje. Sensa ile ina waya mmoja. Umeme unarudi kupitia nyuzi zenyewe hadi kwenye chuma cha injini na bodi. Tepu ilikuwa imezuia uvujaji, na ikaitenga sensa na mwili. Mtu wa Mungu, ni mara ngapi tumejifunga hivyo, ili siri ya nyumba isivuje? Nilipomwendea mchungaji mkuu na kumwambia habari za geti na runinga, nilikuwa natoa tepu.

Mwisho tulichemsha sufuria jikoni, sensa ndani, waya zikiwa zimeunganishwa, kipimajoto kando. Limuru maji huchemka karibu nyuzi 93, si 100, kwa sababu ya mwinuko. Mshale ulipofika hapo tukaweka alama ndogo kwenye kioo kwa rangi ya kucha ya mke wangu.

Mwezi uliopita tulipanda tena ule mlima, familia nzima. Nilikuwa nikimfokea dereva wa lori lililokuwa mbele yetu. Mke wangu akagusa dashibodi kwa kidole, pale kwenye alama yake.

"Baba, unapanda."

Sikujua anasema injini au mimi. Nikasimama kando.