Kusoma kwa Ajili ya Novemba

Kila ifikapo Agosti, walimu wengi wa sekondari Tanzania hukutana na kitendawili kilekile. Mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne ni Novemba. Mada karibu zote zimeshafundishwa, mitihani ya majaribio imeshaanza, na hakuna mwanafunzi asiyejua kilicho mbele yake. Huu ndio wakati ambao ari ingetegemewa kupanda. Badala yake, wapo wanaolegea hasa sasa. Aliyekuwa akipiga msuli tangu Kidato cha Pili anasinzia prepo saa mbili usiku, na daftari lake limefunguliwa ukurasa uleule wa jana.

Jibu la haraka ni kumwita mvivu. Socrates asingeridhika nalo: kwake, mtu anayejua kwa hakika lililo bora hulitenda, na asipolitenda basi hakulijua sawasawa. Aristotle aliona kwamba hoja hiyo inagongana na mambo tunayoyashuhudia kila siku, maana watu hujua na bado hushindwa. Katika kitabu cha saba cha *Maadili ya Nikomako* anaeleza kuwa mtu anaweza kuwa na ujuzi kwa namna ya mtu aliyelala: anao, ila haufanyi kazi. Maelezo hayo yanamfaa mwanafunzi wetu wa prepo kwa maana zote mbili. Yanabakiza swali moja tu: ni nini kilichoulaza ujuzi huo?

Fununu ya jibu ipo kwa Aristotle huyohuyo, katika *Metafizikia*, anapotenganisha aina mbili za matendo. Kuna tendo ambalo ni kamili kila linapotendwa: anayeona ameshaona, anayeelewa ameshaelewa. Na kuna tendo ambalo ukamilifu wake uko nje yake: anayejenga nyumba bado hajajenga, na siku nyumba ikikamilika, kujenga kumekwisha. Mwaka wa mtihani hulichukua tendo la kusoma, ambalo lingeweza kuwa la aina ya kwanza, na kulisukuma lote kwenye aina ya pili. Kila ukurasa unakuwa wa Novemba. Mwanafunzi anaishi miezi mingi akiwa mtu ambaye bado, na hakuna jioni hata moja inayomwambia kwamba leo amefika mahali.

Zaidi ya hayo, mwisho wenyewe haumo mikononi mwake.

Waliofanya mtihani wa mwaka 2012 wanalijua hili kuliko wengine. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata divisheni ziro. Nchi ilitaharuki, serikali ikaunda tume, na mwezi Mei matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Wapo waliolala na ziro wakaamka na divisheni nne, kwa karatasi zilezile na majibu yaleyale. Mwaka 2014 divisheni zikawekwa kando kwa ajili ya mfumo wa GPA, nao haukudumu, divisheni zikarudi. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake. Ila kwa aliyeifunga thamani yote ya miaka minne kwenye tarakimu moja, funzo lilikuwa chungu: alama ni mstari uliochorwa na watu, na watu huweza kuuchora upya.

Shule nyingi hupambana na ulegevu huo kwa kuongeza msukumo wa nje: kambi za kitaaluma, zawadi kwa atakayepata wani ya saba, fimbo kwa atakayeshuka. Msukumo hufanya kazi, lakini una gharama. Mwanasaikolojia Mmarekani Edward Deci, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1971, aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya kuunganisha vipande. Baadhi yao wakalipwa kwa kila fumbo walilofumbua. Malipo yalipokoma, hamu yao ya kuyashika mafumbo hayo katika muda wa mapumziko ilipungua. Waliosifiwa kwa maneno badala ya kulipwa hawakupoteza hamu. Fedha ilikuwa imebadilisha maana ya kazi: mchezo ukageuka kibarua, na kibarua kisicho na ujira huachwa. Hata hivyo, msukumo wa nje hauachiki kirahisi. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora kitaifa. Mabango ya shule yenye nyuso za waliofaulu hayajaondoka barabarani.

Hapa mzazi ana haki ya kukasirika. Ada ilifutwa katika shule za serikali kuanzia Januari 2016, lakini sare, nauli, chakula na michango ya kambi bado vinatoka nyumbani. Kumwambia mtoto wa mkulima asome kwa raha ya kuelewa, wakati cheti ndicho kitakachoamua kama atapata nafasi ya Kidato cha Tano au ya chuo, ni kama falsafa ya walioshiba. Hoja hiyo ni nzito, na hakuna haja ya kuikwepa. Aristotle mwenyewe alikiri kwamba kuna mambo tunayoyatafuta kwa ajili yake yenyewe na vilevile kwa ajili ya kitu kingine. Cheti kinaweza kumketisha mtoto kwenye dawati. Kinachomzuia kuinuka ni jambo jingine.

Mtazame mwanafunzi mmoja na swali la trigonometria. Limeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo analisoma mara mbili apate maana: mtu amelala chini mita 20 kutoka shina la mnazi, akitazama kilele kwa pembe ya nyuzi 45, mnazi una urefu gani? Njia aliyoikariri inampeleka kwenye kitabu cha majedwali kutafuta tanjenti. Anaikuta: 1. Anashtuka, anachora upya. Pembe moja ni nyuzi 90, nyingine 45, basi iliyobaki haina budi kuwa 45 pia, na pande mbili ni sawa. Mita 20. Kumbe kitabu hakikuhitajika. Jambo hilo limekamilika usiku huohuo, na hakuna tume itakayolipanga upya.

Mwaka 1967, katika *Elimu ya Kujitegemea*, Julius Nyerere alilalamikia shule ambayo kila hatua yake ni maandalizi tu ya hatua inayofuata. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, kwa kuwa watoto wengi hawangeendelea zaidi. Hoja yake ilikuwa ya uchumi na siasa, lakini inagusa pia hamu ya mtoto mmoja mmoja, na leo inakihusu Kidato cha Nne, maana wengi wanaoketi Novemba hawataingia Kidato cha Tano.

Wapo wanaorudia kama watahiniwa wa kujitegemea. Hao hawana kengele, zamu wala mwalimu wa nidhamu; wengine husoma baada ya kufunga duka au kulaza bodaboda. Anayetaka kujua ari inabakiwa na nini msukumo wa shule ukiondolewa, aanze kwa kuwauliza wao.