Kumsaidia Mwenye Mkono Uliopooza

Nataka kuwaulizeni neno moja ambalo kwa kulisikia tu laonekana kuwa dogo. Mtu amepatwa na kiharusi, na mkono wake wa kuume umepooza. Chakula kimewekwa mbele yake. Anajaribu kushika kijiko, kijiko kinaanguka. Anajaribu tena, mchuzi unamwagika kifuani. Wewe umeketi karibu naye. Je, ukikitwaa kijiko na kumlisha, umemtendea mema?

Mimi zamani ningalijibu upesi kwamba ndiyo. Mama yangu mkubwa alipopatwa na ugonjwa huo, sisi watoto wa nyumba ile tulishindana kumhudumia. Tulimlisha, tulimfunga kanga, tulimchana nywele, hata kikombe cha maji hatukumwacha akiinue. Majirani walitusifu, nasi tulizipenda sifa zile. Baada ya miezi sita mkono wake ulikuwa umekunjika kifuani, naye hakujaribu tena kuutumia. Sisemi kwamba sisi ndio tuliomlemaza, kwa maana ugonjwa ulitutangulia. Lakini tangu nilipojifunza habari ninazotaka kuwaeleza, sina raha ninapozikumbuka sifa zile.

Kiharusi si ugonjwa wa mkono. Ni ugonjwa wa ubongo: mshipa wa damu umezibika au umepasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu imekufa. Upande wa kushoto wa ubongo ndio utawalao mkono wa kuume, na wa kuume hutawala wa kushoto. Basi nyama za mkono zipo, mifupa ipo, ila amri haifiki. Tena yawezekana sehemu za ubongo zilizobaki nzima zijifunze kuchukua baadhi ya kazi ya ile iliyokufa; walakini hazijifunzi kwa kutendewa, hujifunza kwa kutenda, na kutenda mara nyingi mno.

Huko Marekani mtaalamu Edward Taub, wa Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham, alieleza ya kwamba wagonjwa wengi huacha kuutumia hata ule uwezo mdogo uliobaki, kwa sababu kila walipojaribu walishindwa, na mkono mzima ukazoea kufanya kazi yote. Dawa yake yashangaza: aliuzuia mkono mzima. Katika jaribio la namna hiyo lililotangazwa mwaka 2006, lenye wagonjwa 222, waliotibiwa walivikwa mfuko mnene katika mkono mzima karibu muda wote wa kuwa macho kwa majuma mawili, wakalazimika kufanya kazi kwa mkono dhaifu. Nao walipata nafuu kuliko wenzao waliotunzwa kwa desturi. (Hao walikuwa na nguvu kidogo katika vidole tangu mwanzo, asiyeweza kuvisogeza hata kidogo hakuingizwa.) Mtu akipita dirishani na kuona mgonjwa amefungwa mkono wake mzuri, angesema huu ni ukatili.

Sasa nije kwenye mashine. Tangu mwaka 1989, katika chuo kiitwacho Massachusetts Institute of Technology, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs pamoja na wenzao walitengeneza roboti ya kuufundisha mkono uliopooza, wakaiita MIT-Manus. Mgonjwa huketi mbele ya meza, mkono wake hufungwa taratibu juu ya kishikio cha mashine, na mbele yake pana kioo chenye alama zilizopangwa kwa duara. Kazi yake ni kukisogeza kishikio kutoka katikati hata kuifikia alama inayowaka, kisha kurudi, kisha alama nyingine.

Yaliyo makuu katika mashine hiyo si nguvu zake. Roboti za viwandani zina nguvu nyingi, nazo hufuata njia yao wala hazijali kilicho mbele yao. Mkono wa mtu ungevunjika. Hii ilitengenezwa iwe laini, mtu akiisukuma inampisha. Humngoja mgonjwa aanze mwenyewe. Asipoweza, humwongoza polepole. Akipotoka njiani, humrudisha. Na kadiri anavyoendelea vizuri, yenyewe hupunguza msaada wake. Wataalamu wengine waliochunguza mashine za namna hii waliona jambo la kutufundisha: mashine ikisaidia kupita kiasi, mgonjwa hulegea bila kukusudia, akaiacha ifanye kazi peke yake. Mkono unakwenda na kurudi, mtazamaji anafurahi, na ubongo haujifunzi kitu. Basi iliwapasa kuifundisha mashine kujizuia.

Niliposoma hayo nilikumbuka kijiko chetu. Mashine isiyo na moyo ilifundishwa kungoja, nasi wenye moyo hatukuweza kungoja hata dakika moja, maana kumtazama akishindwa kulituumiza sisi. Nadhani hapo ndipo penye fundo. Mara nyingi twamtendea mgonjwa kazi yake ili tusione tena taabu yake, kisha twaliita jambo hilo upendo.

Labda mtu ataniuliza: Kama ni hivyo, si afadhali tuwaachie mashine wagonjwa wetu? Haichoki, haisongwi na kazi nyingine, haimwaibishi mtu kwa uso wa kukata tamaa. Ni kweli. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2009 ulihesabu mazoezi yenye kazi maalumu ya mkono katika kipindi kimoja cha matibabu ya kawaida, ukapata kama 32 tu. Na kwa mashine mgonjwa aweza kusogeza mkono mara 1,024 katika saa moja. Ni nani katika sisi atakayeketi na jirani yake mara elfu?

Lakini yatupasa kusema na upande wa pili wa habari. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wanajeshi wa zamani 127 huko Marekani, watu waliougua miezi sita au zaidi kabla yake. Waliofundishwa na roboti hawakuwashinda wale waliofundishwa na watu kwa mazoezi mengi vilevile. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa zaidi la Uingereza, lenye wagonjwa 770, ambamo roboti ilitumika dakika 45, mara tatu kila juma, muda wa majuma 12. Mkono ulipata mwendo kidogo zaidi, ila kwa kazi zake wenyewe, kama kushika na kuinua vitu, roboti haikuwapita waliopata matibabu ya kawaida. Na waliofundishwa na watu kwa bidii nao hawakuwapita wengine kwa kipimo kile kikuu, ingawa walieleza kwamba shughuli za kila siku zimekuwa nyepesi zaidi kwao. Kufikia alama ya kioo ni jambo moja, na kufunga kifungo cha shati ni jingine. Basi nisiwadanganye kwamba kurudia mara nyingi kunatosha kwa kila mtu, wala kwamba mashine ni bure. Mikono mingine hairudi.

Neno hili la mwisho ndilo lililonisumbua zaidi. Kama mkono hautarudi, je, ni haki kumwacha mtu ahangaike na kijiko kila siku mbele ya watoto wake? Nimelifikiri sana, na jibu langu ni kwamba si juu yangu kuamua. Sisi hatukumwuliza mama mkubwa hata siku moja kama alitaka kulishwa. Mtu aweza kuchagua kuhangaika, na mtu aweza kusema, Leo nimechoka, nilisheni. Na yote mawili ni haki yake, ikiwa kwanza ameulizwa. Wazee wa kanisa na walimu wanaokwenda kuwatazama wagonjwa wangefanya vema kuuliza hivyo, na baada ya kuuliza wanyamaze, kwa kuwa mwenye kiharusi mara nyingi hata maneno humchelewa. Tena wasimwinue kwa kuuvuta mkono uliopooza, kwa maana bega lake huumia upesi.

Mwaka wa pili wa ugonjwa wake alikuja mjukuu wake wa miaka saba kukaa nasi. Mtoto yule hakuwa na adabu zetu za kuhudumia. Siku moja alimwekea bibi yake ungo wa mahindi mapajani, akaketi chini na gunzi lake, akasema, Bibi, tushindane. Nilitaka kuinuka niuondoe ule ungo, lakini mama mkubwa alinitazama, nikakaa. Aliushika muhindi kwa mkono wa kushoto, akauleta ule wa kuume kwa shida, kidole gumba kikaanza kusukuma. Ilikuwa tangu adhuhuri hata jua likakaribia kutua, mhindi mmoja tu, na nusu ya punje zilimwagika chini, kuku wakazila.